Mdomo wa Bati Chini ya Boneti

Jumatatu, tarehe 14 Julai. Mwiki, Ruiru. Ukungu tangu alfajiri na manyunyu yale ambayo hayaloweshi mtu lakini hayaachi nguo zikauke. Saa nne bado sikuweza kuona tangi la maji la jirani.

Hii ndiyo Jumatatu ya kwanza sijaenda kazini. Niliamka saa kumi na moja, nikavaa ovaroli, kisha nikaivua.

Naandika kwa sababu yenu, vijana wa karakana. Ijumaa mkiniaga, keki ikiwa bado mkononi, mmoja wenu aliniuliza, "Mama Ciku, kile kimdomo cha bati chini ya boneti, tukiweke pia kwa hii ndege mpya? Injini si ile, na ndege si ile." Nikajibu, "Wekeni tu, siku zote tunaweka." Mlicheka, mkaendelea kula. Mimi sikulala vizuri Ijumaa wala Jumamosi. Jibu hilo halikuwa la kweli, au tuseme sikujua kama ni la kweli, na hiyo ni mbaya zaidi. Kwa hivyo nimenunua daftari. Niliishia darasa la nane, mkiona makosa mnisamehe.

Nitaanza mwanzo, maana nikirukaruka mtafikiri nimeficha kitu. Na kweli nilificha.

Kabla ya ndege nilikuwa kiwanda cha nguo Thika, idara ya kufuma. Kazi yangu ilikuwa kuunga nyuzi zinapokatika mashine ikiwa inakimbia. Walipopunguza watu nilikaa nyumbani miezi mitatu, halafu wifi yangu, aliyekuwa akiuza chai kwa mafundi wa ndege, akaniambia wanatafuta mtu wa kushona viti na vifuniko vya turubai. Nikashuka Witeithie, nikatembea ile barabara ya murram, isiyo na lami, nyuma ya mashamba ya kahawa mpaka nikaona paa la bati refu kama la kanisa. Ndani kulikuwa na ndege ndogo imevuliwa ngozi, mbavu zote nje. Nilitaka kurudi. Kitu chembamba hivyo, na mtu anakipanda!

Fomani wa injini alikuwa Mzee Barasa, Mbukusu wa Bungoma, mrefu, sikio la kushoto limekufa kwa kelele. Alinitazama akauliza, "Mama, wewe umeshona nini?"

"Nimeunga nyuzi."

"Hapa hakuna nyuzi."

"Basi nitajifunza mliyo nayo."

Alinipa kipande cha raba, akanionyesha ukingo wa boneti. "Kata hii ifuate hapo. Usipime na rula." Nilikata kwa mkasi wangu wa cherehani niliokuja nao mkobani. Aliishika raba mahali pake akamulika tochi kwa nyuma, akitafuta mwanga unaopenya. Hakuuona. Akasema, "Viti vitashonwa na mtu mwingine. Wewe kaa na mimi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa raba na vibati vya upepo. Wengi wenu mlidhani ni kazi ya mama wa kufagia, mpaka siku mlipoomba niwakatie. Vifaa vyangu ni vichache: mkasi ule ule, kioo kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno, tochi, chaki. Mkasi nimeuacha kwenye droo. Aliyeutumia kukata waya mwezi wa tatu anajijua, na mimi namjua.

Mzee alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni ile mnaifanya hadi leo bila kujua ilitoka wapi: kutaja mkono. Saa kumi na moja jioni tunazunguka ndege, na kila mtu anasema mkono wake umeshika nini siku hiyo. Hata kama ni kufuta vumbi, unasema. Hakuna aliyegombezwa kwa alichotaja. Niliwahi kumsikia kijana akitaja kwamba ameangusha spana ndani ya injini, Mzee akamjibu tu, "Asante. Sasa ingia uitoe." Kosa lilikuwa kunyamaza. Ya pili ilikuwa kitu kimoja kwa siku moja. Ukishuku vitu viwili, badilisha kimoja, washa injini, angalia, andika, kisha ndiyo uguse cha pili. Ukigusa vyote viwili pamoja ndege inaweza kupona, lakini hutajua ilikuwa inaugua nini.

Miaka mingi tulikarabati ndege za zamani zenye injini za zamani. Hizo zilishazoeana. Ikichemka unajua ni nini, kwa sababu ishachemka hivyo mara mia kabla hujazaliwa. Ndipo Injinia Githinji, mchoraji wetu, akachora ndege yake mwenyewe ya watu wawili, ya kukagua mashamba. Na Mzee Barasa ndiye aliyemwomba asiweke injini ya zamani. Alikuwa amesoma habari za injini mpya ya ng'ambo, nyepesi na isiyokunywa mafuta mengi, na aliisema kama mtu anayesema mchumba.

"Mzee," Injinia alimwambia, "ndege mpya na injini mpya pamoja? Kukiwa na shida nitamuuliza nani?"

"Utaniuliza mimi."

Nilikuwa hapo, nikikata raba. Mzee alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alitaka kitu kimoja tu, aione ndege hiyo ikipewa cheti kabla hajarudi Bungoma. Aliniambia maisha yake yote ametibu ndege zilizozaliwa na watu wengine, na hii ndiyo angeishika tangu ribiti ya kwanza.

Sasa hapa ndipo muelewe, kwa maana ndipo mlipo. Ndege ilichorwa ikingoja injini, na injini iliundwa ikingoja ndege, na hazikuwa zimeonana. Michoro ilisema chujio la oili liko kulia. Kreti ya injini ilipofunguliwa, kumbe liko nyuma, na kulifungua lazima ushushe injini yote. Injini ilikuwa nyepesi kuliko ilivyotarajiwa, pua ikakosa uzito, tukasogeza betri mbele. Betri ikakaa palipokuwa na njia ya upepo, tukakunja kibati upya. Kila ulichotatua kilizaa kingine. Mtu wa injini, Tomas, aliyetumwa na waliounda, alikuwa mpole na alikula githeri yetu bila kulalamika, lakini kila alipoona tatizo alisema ni la ndege. Injinia akasema ni la injini. Nami nasema kwa haki, wote wawili walikuwa wakisema wanachoamini.

Mnajua upepo unavyotembea, lakini niandike. Unaingia mbele kwa matundu mawili, unajaa juu ya silinda, halafu unalazimishwa kushuka katikati yake ukibeba joto, unatokea chini ya tumbo. Kinachoulazimisha ni vibati, na kinachoziba kati ya kibati na boneti ni raba. Raba ikiacha pengo, upepo unapita juu juu kama mtu asiyetaka kusalimia, na silinda inabaki na joto lake.

Siku ya kufunga boneti kwa mara ya kwanza, wageni walikuja kutazama. Upande wa nyuma kushoto haukufunga. Raba yangu ilikuwa inasukuma. Nilijaribu mara mbili, watu wakinitazama mgongo, Tomas ameshika kamera. Nikatoa mkasi, nikapunguza raba upana wa kucha. Boneti ikafunga. Watu wakapiga makofi.

Jioni tulizunguka ndege na wageni wakiwa wamesimama nasi. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Nimeshika raba ya mbele, nimeshika mbili za kulia, nimefuta boneti." Nikanyamaza.

Nimejiuliza miaka kumi na moja kwa nini. Niliona aibu kusema mbele ya wageni kwamba kipande changu hakikuingia. Inawezekana boneti yenyewe ya faiba ndiyo iliyotoka vibaya kwenye kalibu, lakini sikuuliza, kwa hivyo siwezi kuilaumu. Ukweli ni kwamba nilijiambia, upana wa kucha ni nini?

Ndege iliruka. Mara ya kwanza geji ya joto ya silinda ya nyuma kushoto ilipanda kuliko zingine. Mara ya pili ikapanda zaidi. Mara ya tatu rubani wetu, Mwende, alirudi mapema, akatua, akazima injini katikati ya kiwanja. Tulikwenda kumsukuma kwa mikono. Boneti ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Mwende alivua kofia. "Mimi sirudi juu na hii kitu mpaka mniambie nani anaichoma."

Tulisimama chini ya bawa. Tomas akasema, kwa Kiingereza cha polepole ili tumwelewe, kwamba njia ya kutokea upepo ni finyu, ndege imechorwa vibaya. Injinia akasema injini yenyewe inachemka kuliko vitabu vyake vinavyodai. Tomas akauliza, je, ufungaji? Kuna kitu kilichobadilishwa wakati wa kufunga?

Mzee Barasa hakunitazama, kwa kuwa hakuwa na sababu. Akasema, "Hapana. Watu wangu wametaja mikono yao yote. Hilo andika, na uandike jina langu."

Tomas akaandika.

Nilikuwa na nafasi hapo hapo. Ilikuwa ya kuvuta pumzi moja tu. Ilipita.

Wiki ile Injinia alianza kuulizia injini ya zamani. Ingewekwa hiyo, pua yote ingechorwa upya, na Mzee angeenda nyumbani bila kuona chochote. Aliacha kunywa chai ya saa nne. Alikuwa akikaa kwenye ndoo mbele ya injini, mikono magotini, anaitazama tu. Sikuweza kuvumilia, lakini pia sikuweza kusema. Basi nikafanya kitu cha katikati, ambacho si ushujaa. Nikamwambia, "Mzee, kule Thika tulikuwa tunaning'iniza uzi kujua upepo wa feni unatoka wapi, kwa sababu upepo ulitukatia nyuzi. Hatuwezi kubandika nyuzi ndani ya boneti?"

Akainua kichwa. "Nyuzi gani?"

"Za sweta. Vipande vifupi. Tuweke na kamera ndogo na taa."

"Mama Ciku," akasema, "nilikwambia hapa hakuna nyuzi. Nisamehe."

Tulitumia uzi mwekundu wa sweta ya shule ya Ciku, binti yangu, aliyekuwa ndio kwanza ameingia kidato cha kwanza. Tulibandika ndani kando ya raba zote, na nje chini ya tumbo. Mwende alikubali dakika kumi tu hewani. Alipotua tulisongamana mbele ya kompyuta ya Injinia.

Kulikuwa na mambo mawili, na nayaandika yote mawili kwa uzito mmoja. Chini ya tumbo, nyuzi za mahali pa kutokea upepo zilikuwa zimegeuka, zinaelekea mbele, maana upepo haukutoka vizuri. Na nyuma kushoto, pale kwenye raba yangu, uzi mmoja ulikuwa umesimama wima ukitetemeka, upepo ukipenya pengo la upana wa kucha.

Mzee aliutazama uzi ule muda mrefu. Halafu akanitazama mimi.

Saa kumi na moja tulizunguka ndege, Injinia na Tomas wakiwepo. Kila mtu akataja. Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Leo nimebandika nyuzi. Na siku ya wageni nilikata raba ya nyuma kushoto. Sikutaja."

"Sasa ndiyo unasema?" Injinia aliuliza. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Mzee ameweka jina lake! Tunajua sasa ni nini kinachoma injini!"

"Hatujui," Mzee alisema. "Kuna raba na kuna mlango wa kutokea upepo."

"Basi kesho tuweke raba nzima, turuke, tuone."

"Hapana. Kesho Mama Ciku ataweka raba nzima, na mimi nitaweka mdomo wa bati hapa chini uvute upepo utoke. Vyote viwili. Halafu turuke."

Kila mtu alimtazama. Kitu kimoja kwa siku moja, ndivyo alivyotufundisha, na yeye ndiye aliyekuwa akisema hivi. Injinia hakubisha. Kama ingekuwa mlango, lingekuwa kosa la mchoro wake, kwa hivyo labda naye aliona afadhali isijulikane. Au labda alikuwa amechoka. Sitamwekea mawazo kichwani. Alikuwa mtu wa haki kwangu miaka yote iliyofuata, na hakunikumbusha siku hiyo hata mara moja.

Tuliweka vyote. Mwende aliruka saa nzima. Geji zote sita zilikaa pamoja kama watoto wa darasa wanaoogopa mwalimu. Tulipiga kelele, Tomas alinikumbatia, mafuta ya nguo zake yakaniingia kwenye kitambaa cha kichwa.

Mzee hakupiga kelele. Tomas alikuwa ameshapeleka ripoti kwao kwamba neno la karakana halikutegemeka, na hakuwa amedanganya. Mwisho wa mwezi Mzee alirudisha funguo. Sijui kama aliombwa aondoke au aliondoka mwenyewe, sikuwa ofisini. Nilimpata akifunga spana zake kwa tambara, moja moja.

"Mzee, cheti kinakuja. Ngoja."

"Nilisema watu wangu wametaja yote," akanijibu. "Haikuwa kweli, na ni mimi nilisema."

"Ni mimi sikutaja!"

"Ulitaja. Ulichelewa tu." Akanipa kile kioo chake cha mpini, kizuri kuliko changu, akaenda kupanda basi.

Cheti kilikuja akiwa ameshaondoka. Nilikaa kwenye ndoo ile miaka kumi na moja, na kila saa kumi na moja jioni niliwazungusha kwenye ndege, wengi wenu mkinung'unika kwamba mmechelewa gari. Na kila ndege tuliyounda baada ya ile ilipata ule mdomo wa bati chini ya boneti, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa nao na ilipona. Hakuna aliyejaribu kuutoa. Mimi ningeweza kusema tujaribu. Lakini ukiutoa na joto lisipande, basi ilikuwa raba. Ilikuwa mimi. Kwa hivyo unakaa pale, unakokota upepo, unakula mafuta kidogo kila safari, na labda hauna kazi yoyote.

Leo mchana nilimpigia Mzee simu. Sikuwa nimempigia tangu Krismasi ile mkewe alipofariki. Sasa sikio la pili nalo linaelekea kufa, kwa hivyo ilibidi nipige kelele, Ciku akiwa jikoni, mlango wazi, na majirani wa Mwiki hawana ukuta wa maana.

"MZEE! SIKU ILE YA RABA!"

"Baba nani?"

"RABA! Mbona tulifanya vyote viwili siku moja?"

Nikasikia ng'ombe kwa nyuma. Halafu, "Tomas alikuwa anaondoka Alhamisi."

"Mzee, Alhamisi ilikuwa mbali!"

Akacheka, kile kicheko cha puani. "Wewe mama, unahesabu siku hata leo. Sikiza. Ndege ingepona kwa njia yoyote. Tungefanya moja moja, ikaonekana ni raba, Githinji angekufukuza siku hiyo hiyo, na mtoto ameingia sekondari."

"Na jina lako je?"

"Jina langu liko hapa, linachunga ng'ombe. Halina shida."

Nikamwambia juu yenu, injini mpya, ndege mpya, na mdomo mliouuliza. Papo hapo sauti yake ikawa ya fomani. "Ati mpaka leo mnauweka? Miaka yote hiyo? Papa!" akashangaa kwa Kibukusu. "Utoeni! Waambie waruke bila huo kwanza, na raba nzima, waandike joto. Halafu ndiyo wauweke, kama inahitajika. Kitu kimoja."

"Na ikionekana ilikuwa raba?"

"Basi ilikuwa raba. Unaniambia utafukuzwa? Si ushastaafu?"

Kwa hivyo hilo ndilo jibu langu, na lile la Ijumaa mlifute. Msiuweke mdomo kwenye ndege mpya. Anzeni bila huo. Na ile ndege yetu ya kwanza, iliyo kwenye kona karibu na lango, utoeni mdomo wake pia, mumwombe rubani aizungushe, mwangalie silinda ya nyuma kushoto. Mkishaona, nipigieni, hata ikiwa ni mimi. Hasa ikiwa ni mimi. Na mumpigie Mzee, nambari yake nimeiacha kwa wifi yangu wa chai, mpige kelele.

Kabla hajakata aliniuliza tunapika nini. Nikamwambia githeri, na viazi ndani. Akasema sisi Wakikuyu tutaweka viazi hata kwa chai, salimia mtoto, akakata.

Mtoto ana miaka ishirini na mitano. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ameyasikia yote, kama Mwiki nzima. Aliuliza, "Mami, kwa hivyo alienda kwa sababu ya mimi kuwa shule?" Nikamwambia alienda kwa sababu mimi sikusema. Akatikisa kichwa, akarudi kwa sufuria.

Tumekula saa moja, githeri ya mahindi mabichi na maharagwe, viazi vitatu, majani kidogo ya dania juu. Ciku alinipakulia mara ya pili bila kuniuliza.